Mpiga dramu hakuiacha kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu uhakiki mliouchapa katika kurasa za utamaduni, ambao mwandishi wake alisikiliza rekodi moja ya jazi huru, yaani dueti ya piano na dramu iliyobuniwa papo kwa papo bila noti zilizoandikwa, akahitimisha kwamba alichosikia ni kelele za watu wawili wasiosikilizana. Alitoa sababu tatu: kwamba mpiga dramu ameiacha kazi yake ya kushika mapigo, kwamba mpiga piano alikuwa akigonga vibonyezo bila kujua anakokwenda, na kwamba mtu yeyote akikabidhiwa ala hizo mbili angeweza kufanya vivyo hivyo. Sina ugomvi na mtu asiyeupenda muziki huu, kwa maana kila mtu na masikio yake. Ninachokipinga ni sababu zenyewe, kwa kuwa zinaweza kupimwa, na zikipimwa hazisimami.

Nianze na mpiga dramu, kwa sababu hoja nyingine mbili zimemwegemea yeye. Ni kweli kwamba katika jazi ya miaka ya 1930 mpiga dramu alikuwa mtunza wakati: alishirikiana na mpiga besi kuweka mapigo manne yaliyo sawa, na wapulizaji wakajenga nyimbo zao juu ya msingi huo. Hata hivyo, kazi hiyo haijawahi kukaa mahali pamoja. Karibu mwaka 1940 mpiga dramu Kenny Clarke aliyahamisha mapigo kutoka kwenye ngoma kubwa ya mguuni akayapeleka kwenye toazi, na ile ngoma kubwa, ikiwa sasa imepumzishwa kuhesabu, ikapata kazi mpya ya kushtua na kutia mkazo pale ambapo msikilizaji hakuutarajia. Upigaji huo ulimfanya aondolewe katika bendi ya Teddy Hill, na muda si mrefu Hill huyo huyo akamwajiri tena aongoze bendi ya klabu ya Minton's huko Harlem, New York, mahali ambapo jazi ya kisasa ilizaliwa. Lawama anayoitoa mhakiki wenu ina umri mkubwa kuliko jazi huru yenyewe.

Hatua iliyofuata ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, mpiga dramu Sunny Murray alipoanza kupiga na mpiga piano Cecil Taylor. Mnamo Novemba 1962 walirekodiwa katika klabu ya Café Montmartre jijini Copenhagen wakiwa watatu, pamoja na Jimmy Lyons kwenye saksafoni, bila mpiga besi. Katika rekodi hizo anayetaka kuhesabu moja, mbili, tatu, nne atachoka mapema, kwa sababu Murray aliacha kuugawa wakati katika vipande vilivyo sawa. Badala yake aliyafanya matoazi yatoe mawimbi yanayopanda na kushuka, huku ngoma zikichomoza ndani yake. Mapigo ni kitu cha kuhesabiwa, lakini mwendo hausubiri kuhesabiwa ndipo usikike, na mwendo ndio uliobaki mikononi mwa Murray. Mtu anaweza kusema kwamba hapendi mwendo wa namna hiyo. Hawezi kusema kwamba haupo, maana ukiuondoa upigaji wa Murray katika rekodi zile, piano ya Taylor inabaki bila kitu cha kuisukuma wala cha kuipinga.

Sasa, kwa nini piano na dramu? Mhakiki wenu alishangaa kwamba ala hizi mbili ziliachwa peke yake, akadhani kwamba wanamuziki wengine wamekosekana. Mimi nadhani hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na naomba univumilie nilieleze kwa urefu kidogo. Tangu Bartolomeo Cristofori alipoiunda huko Florence karibu mwaka 1700, piano imekuwa ala ya kupigwa: kila kibonyezo kati ya vile 88 vya piano ya leo hurusha nyundo, nyundo hugonga nyuzi, na nyuzi hizo, ambazo jumla yake ni zaidi ya 200, huanza kufifia mara tu baada ya kugongwa. Mpulizaji wa saksafoni anaweza kuishikilia sauti moja, kuikuza, kuipinda na kuilegeza kabla haijaisha. Mpiga piano hana uwezo huo hata kidogo, kwa sababu akishagonga, sauti imemtoka mkononi, na kilichobaki ni kuamua tu kama ataiacha ife yenyewe, ataizima, au ataifunika kwa sauti nyingine. Mpiga dramu yuko katika hali hiyo hiyo, isipokuwa milio ya matoazi yake huishi muda mrefu kuliko ile ya ngozi za ngoma zake. Kwa hiyo wawili hawa wana tatizo moja, nalo ni namna ya kujenga kitu kirefu kwa kutumia sauti ambazo zote zinakufa tangu zinapozaliwa.

Ukilielewa hilo, wingi wa sauti ambao mhakiki aliuita fujo unaanza kuwa na sababu. Anayetaka mfululizo usiokatika kwenye piano hana budi kugonga sauti nyingi kwa kasi, na anayetaka mfululizo kwenye dramu hana budi kufanya vivyo hivyo. Wanapofanya hivyo kwa pamoja, masikio yanapokea kitambaa kimoja ambacho nyuzi zake ni vigumu kuzitenganisha. Aidha, kuna sehemu ambazo ala hizi hukaribia kubadilishana nafasi. Sauti za chini kabisa za piano, zikigongwa kadhaa kwa pamoja, hupoteza jina la noti na kubaki kishindo, nazo zile za juu kabisa hutoa mlio mkavu unaokaribia mti kugonga mti. Upande wa pili, ngoma za seti ya dramu hukazwa kwa makusudi ili ziwe na sauti ya juu na ya chini, na mpigaji hodari anaweza kuzitumia kuunda wimbo. Kuna usemi uliozoeleka kwamba Taylor aliipiga piano kana kwamba ni ngoma 88 zilizopangwa kwa sauti. Ni usemi mzuri, lakini unasema nusu tu ya ukweli, kwa sababu unamfanya msomaji asahau kwamba Taylor alikuwa na sikio kali la mchanganyiko wa sauti na kwamba katika vipande vyake vya taratibu zimo kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa.

Hapo ndipo hoja ya pili, ya kutojua anakokwenda, inapoanguka. Taylor alisomea muziki katika New England Conservatory jijini Boston mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye, alipofanya kazi na bendi zake, hakuwapa wenzake karatasi zenye mistari mitano ya kawaida. Aliwapa makundi ya noti yaliyoandikwa kwa herufi, ambayo walijifunza kwa kuyarudia hadi yakakaa kichwani. Muziki wake umejengwa kwa makundi mafupi ya aina hiyo: kundi hutokea mkono wa kushoto, likarudiwa mkono wa kulia oktavo (ngazi ya noti nane) moja au mbili juu, likapunguzwa, likageuzwa, likaachwa, kisha likarejea dakika kumi baadaye likiwa limebadilika kiasi kwamba msikilizaji mzembe hataligundua. Kubuni papo kwa papo hakumaanishi kubuni kutoka pasipo na kitu. Mpigaji huja na hazina ya miaka, na kinachobuniwa jukwaani ni mpangilio, uzito, kasi, na hasa uamuzi wa nini kifuate anaposikia alichofanya mwenzake.

Mfano ambao ningependa wasomaji waufahamu ni ule wa tarehe 15 Desemba 1979, wakati Taylor alipokutana na Max Roach katika ukumbi wa McMillin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Roach, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa amepiga na mpiga saksafoni Charlie Parker katika miaka ya 1940 na alikuwa mmoja wa watu walioiweka misingi ya upigaji wa dramu katika jazi ya kisasa. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hajui kushika mapigo. Katika rekodi ya siku hiyo, iliyotolewa mwaka 1984 na kampuni ya Soul Note ya Italia, kila mmoja anaanza kwa kupiga peke yake kwa dakika chache, kisha wanaingia pamoja katika dueti ndefu. Kinachonivutia ni kwamba Roach hakujigeuza kuwa Sunny Murray ili amridhishe Taylor. Alibaki na vipashio vyake vilivyo wazi, sentensi zenye mwanzo na mwisho, mizunguko anayoirudia hadi ikazoeleka, na Taylor akabaki na mafuriko yake. Hakuna aliyemfuata mwenzake, na bado hakuna aliyepotea. Kila mmoja alisimama imara kiasi cha kumwezesha mwingine asimame mbali naye.

Nikisema hivyo najua ninawapinga hata baadhi ya wale wanaoutetea muziki huu, ambao hupenda kuueleza kuwa ni mazungumzo ya watu wawili. Mfano huo hauniridhishi. Katika mazungumzo mmoja hunyamaza ili mwingine aseme, na aliyeulizwa asipojibu huonekana hana adabu. Katika dueti huru wote wawili husema kwa wakati mmoja kwa dakika nyingi, na kukataa kujibu ni njia inayokubalika, wakati mwingine iliyo bora kuliko zote. Mpiga piano akipandisha sauti ghafla, mpiga dramu anaweza kupanda naye, anaweza kubaki pale pale alipokuwa ili kupanda kule kuonekane, au anaweza kuacha kupiga kabisa akamwachia piano nafasi yote. Jibu dhaifu kuliko yote ni la kuiga, pale ambapo kila mshindo wa piano unafuatwa na mshindo wa ngoma nusu sekunde baadaye. Wageni wa muziki huu hulisifia jibu hilo kwa sababu ndilo linaloonekana waziwazi kuwa ni kusikilizana, ilhali wapigaji wenyewe huliepuka.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu dueti ya Columbia haikuwa ya kwanza. Tarehe 30 Aprili 1966 Don Pullen na Milford Graves walipiga piano na dramu katika Chuo Kikuu cha Yale, wakaitoa rekodi hiyo wenyewe bila kampuni, na baadhi ya majalada yake waliyapaka rangi kwa mikono yao. Pullen alikuwa na mtindo wa kuviringisha mgongo wa mkono juu ya vibonyezo, sauti zikatoka kwa mkupuo mmoja bila yeye kupoteza mstari wa wimbo. Ni mbinu inayoumiza ngozi na inayohitaji mazoezi mengi. Mwandishi anayedhani kwamba mtu kama huyo alijificha kwenye uhuru kwa sababu hakuweza kupiga nyimbo zenye umbo, akumbuke kwamba katika miaka ya 1970 Pullen alikuwa mpiga piano wa Charles Mingus, mpiga besi na kiongozi wa bendi ambaye hakuwa na subira na wazembe. Graves, kwa upande wake, alifundisha katika chuo cha Bennington kuanzia mwaka 1973 kwa karibu miaka 40, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mapigo ya moyo wa binadamu, ambayo alisisitiza kwamba hayafanani na mlio wa saa, kwa kuwa moyo wenye afya hubadilisha nafasi kati ya pigo na pigo.

Hoja ya tatu, kwamba yeyote angeweza, ina jibu rahisi zaidi, nalo limo katika rekodi za Irène Schweizer wa Uswisi. Mpiga piano huyu, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki mwaka 2024, alikuwa pia mpiga dramu, na kati ya katikati ya miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990 alirekodi dueti na wapiga dramu watano mbalimbali, zikatolewa na kampuni ya Intakt: Louis Moholo, Günter Sommer, Andrew Cyrille, Pierre Favre na Han Bennink. Piano ni ya mtu mmoja, utaratibu ni ule ule wa kubuni papo kwa papo, lakini muziki unabadilika kila anapobadilika mpiga dramu. Akiwa na Favre, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha matoazi cha Paiste na anayajua matoazi kama watu wachache wanavyoyajua, Schweizer anapata nafasi na rangi. Akiwa na Bennink, Mholanzi ambaye haoni haya kuacha dramu zake akapiga sakafu ya jukwaa au kiti, anakuwa mcheshi na mwenye kukatisha. Cyrille, aliyekuwa amepiga na Taylor kwa takriban miaka 10, humletea usafi wa mpangilio. Iwapo kila mtu angeweza kufanya vivyo hivyo, tofauti hizi zingetoka wapi?

Dueti ya Schweizer na Moholo inastahili neno lake peke yake. Moholo alizaliwa Cape Town mwaka 1940, na mwaka 1964 aliondoka Afrika Kusini pamoja na bendi ya Blue Notes, iliyochanganya weusi na mzungu mmoja wakati ambapo sheria za ubaguzi ziliifanya bendi ya namna hiyo isiwezekane kuishi kwa amani. Walikwenda kupiga katika tamasha la Antibes, Ufaransa, hawakurudi. Walipitia Zurich, kisha wakahamia London. Schweizer alikuwa kijana alipowasikia wanamuziki wa Afrika Kusini pale Zurich, na athari yao haikumtoka maishani. Ndiyo maana katika dueti yake na Moholo, ndani ya vipande vilivyo huru kabisa, huchomoza ghafla mizunguko ya kodi chache inayochezeka, inakaa kidogo, kisha inavunjwa. Mtu aliyeambiwa kwamba jazi huru imekataza wimbo na mapigo atashangaa. Haikukataza kitu, iliondoa ulazima tu.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba ninaitetea kila rekodi ya aina hii. Zipo dueti mbovu, na nyingi zinafanana katika ubovu wao: zinaanza kimya, zinakua polepole hadi kilele cha makelele, zinashuka, na mwisho unajulikana tangu dakika ya tatu. Lipo pia tatizo la kimwili ambalo wasikilizaji hawalifikirii. Dramu zikipigwa kwa nguvu zote huifunika piano isiyo na vipaza sauti, na matoazi ndiyo wakosaji wakubwa, kwa sababu mlio wao umejaa sauti za juu zile zile ambazo huipa piano ung'avu wake. Wapiga dramu wazuri hulitatua hilo kwa brashi, kwa vijiti vyepesi, kwa kuyazima matoazi kwa mkono, au kwa kuchagua ala zao upya. Tony Oxley wa Uingereza, aliyekuwa mshirika wa Taylor kwa miaka mingi kuanzia alipompata Berlin mwaka 1988, alijaza seti yake vyuma na vitu vidogo vyenye sauti kavu za juu, na hivyo akaiachia piano eneo la chini.

Jambo jingine ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana ni kumaliza. Wimbo ulioandikwa humalizika mahali palipoandikwa. Katika dueti huru hakuna mahali hapo, na wapigaji wawili wanatakiwa watambue kwa pamoja, bila kuambiana, kwamba kipande kimefika. Mara nyingi hutokea milango miwili au mitatu ya kutokea kabla ya ule wanaoutumia. Msikilizaji makini huisikia, akajiuliza kwa nini mmoja alikuwa tayari kuondoka na mwingine akaanzisha kitu kipya. Mimi huwapima wapigaji kwa hapo zaidi ya kwa kasi ya vidole vyao.

Mwisho, Mhariri, mwandishi wenu alieleza mwenyewe kwamba aliisikiliza rekodi hiyo kwenye simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa ngoma kubwa ya mguuni wala oktavo mbili za chini za piano, na huyafanya matoazi yote yawe mvumo mmoja. Nusu ya muziki ilikuwa imeondolewa kabla haijamfikia. Ningemwomba achukue dueti mbili za Schweizer, ile ya Favre na ile ya Moholo, azisikilize moja baada ya nyingine kwa spika nzuri au vipokea sauti vya kichwani, bila kufanya kazi nyingine. Asitafute wimbo kwanza. Afuatilie nani anabadilika wa kwanza, nani anabaki, nani ananyamaza, na nani anaanza kumaliza. Kisha aandike tena. Hata kama hukumu yake itakuwa ile ile, uhakiki wa pili na utuambie ni akina nani waliopiga, wapi na lini, kwa sababu ule wa kwanza haukuwataja kabisa wanamuziki uliowahukumu.

Wako,
Msomaji wa kurasa za utamaduni